Mshubiri Mlangoni, Mchicha Jalalani



Leo tuzungumze juu ya mimea miwili. Wa kwanza ni mshubiri. Wa pili ni mchicha. Yote miwili unaijua. Huenda yote miwili iko nyumbani kwako sasa hivi.

Ukitembea katika vijiji vya Handeni na Korogwe, tangu Mkata mpaka Mombo, utaona jambo moja. Mshubiri umepandwa mlangoni. Umewekwa ndani ya kopo au sufuria iliyotoboka. Watoto wamekatazwa kuuchezea. Mchicha je? Mchicha umeota wenyewe jalalani. Hakuna aliyeupanda. Kuku wanaudonoa. Mbuzi wanaukanyaga. Siku nyama au dagaa wakikosekana, ndipo mama anapokwenda kuuchuma, tena huku akiona haya.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Kila siku napokea wagonjwa. Nimeona kwamba mmea mmoja tumeupa heshima kupita kiasi. Mwingine tumeunyima heshima yake. Maoni yangu ni haya: mshubiri ubaki kuwa dawa ya ngozi. Mchicha nao uhame jalalani, upandwe karibu na jiko, na uliwe kila siku. Tukifanya hivyo watoto wetu watapata nguvu na damu. Nitatoa sababu zangu. Wewe soma, pima, kisha uamue.

MSHUBIRI NI MMEA GANI?

Mshubiri ni mmea wenye majani manene yaliyojaa maji. Umeumbwa kwa ajili ya nchi kavu. Mvua ikinyesha, unaweka maji ndani ya majani yake. Jua likiwaka, unatumia akiba hiyo kidogo kidogo. Mkonge nao huishi hivyo hivyo, ingawa si wa ukoo mmoja na mshubiri. Ndiyo maana mkonge unastawi katika mashamba ya Korogwe hata pale mahindi yanapokauka.

Mshubiri wa nyumbani, ule wenye maua ya njano, asili yake ni Uarabuni. Jina lake pia limetoka katika Kiarabu. Kwa zaidi ya miaka 1,000 wafanyabiashara walisafirisha shubiri kutoka kisiwa cha Sokotra, kilichopo kaskazini ya pwani yetu. Waliikausha ikawa kama gundi nyeusi. Watu waliinunua kama haluli, yaani dawa ya kuharisha.

Porini kwetu pia kuna mishubiri ya aina nyingi. Mingi ina maua mekundu. Usidhani kwamba yote ni sawa. Mingine ina sumu. Mshubiri wa porini usioujua, usiutumie.

JINSI YA KUUTUNZA MSHUBIRI

Kuutunza mshubiri ni kazi ndogo sana. Fuata mambo haya:

1. Chukua chipukizi linalotoka pembeni mwa mshubiri mkubwa. Litenge siku 2 au 3 kivulini ili kidonda chake kikauke.

2. Lipande katika udongo wenye mchanga. Kama unatumia kopo, litoboe chini ili maji yapite.

3. Mwagilia mara moja kwa wiki, au hata chini ya hapo. Wakati wa masika usimwagilie kabisa. Mshubiri hauogopi kiu. Unaogopa maji mengi. Maji yakituama, mizizi yake inaoza.

4. Ukitaka kuutumia, kata jani la chini, lililokomaa. Usikate jani la katikati, kwani hapo ndipo mmea unapokulia.

Basi, kazi imekwisha. Mmea huu hauhitaji samadi wala ua. Mbuzi hawaupendi kwa sababu ni mchungu.

MSHUBIRI UNA KAZI GANI?

Kata jani la mshubiri ulitazame vizuri. Utaona vitu viwili. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano. Utomvu huo ni mchungu mno. Katikati kuna ute mweupe, kama yai bichi. Ute huo una uchungu kidogo tu. Vitu hivi viwili havifanani hata kidogo. Mwenye kuvichanganya hujidhuru.

Ute mweupe unafaa ngozi. Kwa mfano, mtoto ameguswa na sufuria ya moto na mkono umekuwa mwekundu. Kwanza, mwagia mkono huo maji baridi safi kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala majivu. Kisha osha jani la mshubiri. Likate na ulisimamishe dakika 15 ili utomvu wa njano udondoke wote. Menya ganda. Osha ule ute kwa maji safi. Halafu upake taratibu. Utapoza na kutuliza maumivu.

Lakini kumbuka: hiyo ni kwa jeraha dogo tu, na ngozi isiwe imechubuka. Kama moto umeunguza sehemu kubwa, au usoni, au sehemu za siri, au kama mtoto ni mchanga, usipake kitu. Mfunike kwa kitambaa safi na umlete zahanati haraka.

Ute huo pia unafaa ngozi iliyokauka au iliyochomwa na jua. Hiyo ndiyo kazi ya mshubiri. Ni kazi nzuri. Kila nyumba yaweza kuwa na shina moja.

UTOMVU WA NJANO NI HATARI

Sasa tuje kwenye jambo linalonifanya niandike makala hii.

Watu wengi wanakunywa mshubiri. Wanautwanga wote, pamoja na ganda na utomvu wake, wanautia maji na kunywa. Wanasema unasafisha damu. Wanasema unatibu malaria. Wanasema unaondoa mchango wa watoto. Wapo wachuuzi wanaoupeleka gulioni ndani ya chupa, wakiutangaza kwa kipaza sauti kwamba unatibu magonjwa yote.

Je, hasa unafanya nini tumboni? Utomvu wa njano unausukuma utumbo kwa nguvu. Mtu anaumwa tumbo na kuharisha. Akiona ameharisha, anasema, "Uchafu umetoka." Kumbe kilichotoka ni maji na chumvi ya mwili wake. Damu yake haikusafishwa. Vijidudu vya malaria vimo vile vile.

Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamua kwamba dawa za kuharisha zenye utomvu wa mshubiri zisiuzwe tena kama dawa za kawaida za dukani, kwa sababu usalama wake haukuthibitishwa. Wenzetu waliondoa utomvu huo madukani. Sisi tunawapa watoto wetu kwa kijiko.

Watu watatu wasipewe kabisa mshubiri wa kunywa.

Wa kwanza ni mtoto mdogo. Mtoto anayeharisha tayari anapoteza maji. Ukimpa shubiri umemwongezea kuharisha. Nimepokea mtoto wa miezi 8 aliyepewa shubiri na jirani kwa ajili ya mchango. Macho yalikuwa yamezama. Alilia bila machozi. Ukimfinya ngozi ya tumbo, ilirudi polepole. Tulimpa maji ya chumvichumvi, kijiko kwa kijiko, tangu asubuhi mpaka jioni. Alipona. Lakini angechelewa siku moja tu, tungezungumza mengine. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya. Vitu hivyo hutolewa zahanati.

Wa pili ni mama mjamzito. Utumbo ukisukumwa kwa nguvu, mji wa mimba nao waweza kusukumwa. Mimba yaweza kuharibika.

Wa tatu ni mgonjwa wa homa. Kila saa anayoipoteza akisubiri shubiri ifanye kazi, malaria inazidi. Homa ya mtoto ni jambo la kupimwa siku hiyo hiyo. Kipimo cha malaria ni tone moja la damu ya kidole. Majibu hupatikana baada ya dakika 15 au 20.

SHUBIRI KWENYE ZIWA LA MAMA

Kuna desturi nyingine. Mama akitaka kumwachisha mtoto kunyonya, hupaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto akinyonya, anaonja uchungu, analia, anaacha. Mara nyingi hufanywa hivyo mtoto akiwa na mwaka 1 tu, kwa sababu mama amepata mimba nyingine.

Fikiri, ndugu msomaji. Siku moja mtoto ananyimwa maziwa. Siku hiyo hiyo anapewa nini badala yake? Anapewa uji mwepesi wa mahindi au sembe. Mahindi yanashibisha, lakini hayajengi damu ya kutosha. Baada ya miezi michache mtoto anakonda au anavimba miguu. Nywele zinakuwa nyekundu. Hapo watu husema mtoto amerogwa.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine, mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Mimba haiharibu maziwa. Siku ya kuachishwa ikifika, aachishwe polepole, kwa chakula kizuri na si kwa uchungu. Chakula hicho kizuri kinaanzia wapi? Kinaanzia kwenye ule mmea wa jalalani.

MCHICHA HAUSTAHILI DHARAU

Watu husema mchicha ni chakula cha maskini. Mgeni akija, mchicha unafichwa. Lakini tazameni historia. Huko Mexico, kabla Wahispania hawajafika mwaka 1519, wenyeji walilima mchicha kwa ajili ya mbegu zake. Walizisaga na kuzila kama sisi tunavyokula mahindi. Mbegu hizo zilikuwa na thamani hata zikapokewa kama kodi ya mfalme. Chakula cha kodi ya mfalme, leo tunawaachia mbuzi!

Hapa petu pia somo hili si geni. Mwaka 1975 nchi nzima ilikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakalima bustani. Waulizeni, wengi wanakumbuka.

Sasa tulinganishe. Chukua ute wa mshubiri. Ukiugawa sehemu 100, sehemu 98 au 99 ni maji matupu. Chakula kilichomo ni kidogo mno. Chukua majani ya mchicha. Ndani yake mna madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu. Mna chokaa ya kujenga mifupa. Mna vitamini C. Mna kile kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ambayo inalinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na maradhi.

Je, jambo hili ni kubwa? Ndiyo, ni kubwa. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba, kati ya kila watoto 100 wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 45 walikuwa na upungufu huo. Hii ina maana kwamba zaidi ya nusu ya watoto hawakuwa na damu ya kutosha. Malaria inakula damu. Minyoo inakula damu. Na chakula kibaya kinaacha damu isirudi.

Lakini tusiuvishe mchicha kilemba kisicho chake, kama tulivyofanya kwa mshubiri. Chuma cha majani kinaingia mwilini polepole. Kwa hiyo mchicha peke yake hauponyi upungufu mkubwa wa damu. Mama mjamzito asiache vidonge vyake vya kuongeza damu. Mtoto asikose matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka. Maharage, dagaa, mayai na nyama vinahitajika pia. Mchicha ni chakula cha kila siku. Kazi yake ni kukinga. Haba na haba hujaza kibaba.

JINSI YA KUUTUNZA MCHICHA

Hapa lazima tuseme kweli. Mchicha una kazi kuliko mshubiri. Mshubiri unaishi bila wewe. Mchicha unakutaka kila siku. Lakini mshubiri unakaa mwaka au zaidi kabla ya kukupa majani ya kutumia. Mchicha unakulisha baada ya wiki 3 au 4.

1. Chagua mahali karibu na jiko. Pasiwe karibu na choo.

2. Tengeneza tuta lenye upana wa mita 1, ili ulifikie katikati bila kulikanyaga. Wenzetu wa Bungu na Lutindi, kwenye milima na mvua nyingi, wainue tuta ili maji yasituame. Wenzetu wa Handeni, kwenye ukame, walizamishe tuta kidogo ili maji yasikimbie.

3. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mimea.

4. Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu. Chora mistari, na kati ya mstari na mstari acha nafasi ya shubiri moja ya mkono. Mwaga mbegu, funika kwa udongo kidogo tu. Ukizifukia sana hazitoki.

5. Tandaza nyasi kavu juu. Mwagilia. Baada ya siku 4 au 5 mbegu zitaota. Hapo ondoa nyasi juu ya miche, uziache kati ya mistari ili zitunze unyevu.

6. Miche ikisongamana, ng'oa mingine na uile.

7. Weka ua wa miiba au wa mabua. Kuku mmoja anaweza kumaliza bustani kwa asubuhi moja.

8. Ukiona viwavi wanakunja majani, waokote kwa mkono. Usinyunyize dawa ya pamba juu ya mboga ya watoto.

9. Usivune kwa kung'oa yote. Kata juu, uache shina na majani machache chini. Litachipua tena. Utavuna mara kadhaa.

10. Acha mashina 4 au 5 yenye afya yatoe mbegu. Zikikomaa zikaushe, uzihifadhi kwenye chupa kavu. Hutanunua mbegu tena.

Huenda mama wa Handeni akaniuliza, "Maji ya kumwagilia nitayatoa wapi, na lambo lenyewe liko mbali?" Swali hili ni la haki. Tuta la mita 1 kwa mita 2 linahitaji kama nusu ndoo kwa siku wakati wa jua. Maji hayo yanaweza kuwa yale yaliyoosha mchele, mboga na vyombo visivyokuwa na sabuni. Msiyamwage njiani. Njia nyingine ni kupanda ndani ya gunia. Jaza gunia udongo na samadi. Katikati weka mawe madogo toka chini mpaka juu ili maji yapite. Toboa matundu pembeni na upande miche. Gunia moja halitumii maji mengi, na laweza kukaa pale pale mlangoni, jirani ya mshubiri.

Wakati wa masika na vuli mboga ni nyingi. Basi tuweke akiba. Osha majani ya mchicha au ya kunde. Yachovye kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi. Yaanike kivulini, penye upepo, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa safi. Jua kali likiyapiga moja kwa moja, vitamini A inapotea. Majani makavu yatawafaa wakati wa kiangazi.

Kina baba, bustani si ya mama peke yake. Baba afunge ua na kuchimba tuta. Watoto wabebe samadi. Mama tayari anateka maji, anapika, anakwenda shambani na anabeba mtoto mgongoni. Tukimwachia na bustani peke yake, bustani itakufa.

JINSI YA KUUPIKA MCHICHA

Mchicha mzuri unaweza kuharibiwa jikoni. Fuata utaratibu huu:

Osha majani kabla ya kuyakata, siyo baada. Tia maji kidogo tu, ili usiwe na maji ya kumwaga. Funika sufuria. Pika kwa muda mfupi, majani yalainike tu. Usitie magadi, kwani yanaharibu vitamini. Kisha ongeza karanga zilizotwangwa, au tui la nazi, au mafuta kidogo. Bila mafuta mwili hauwezi kuichukua vizuri vitamini A. Wakati wa kula kamulia limau. Limau linausaidia mwili kuchukua chuma. Chai inafanya kinyume, hivyo isinywewe pamoja na chakula. Subiri kama saa moja.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, chukua mchicha ulioiva, uuponde uwe laini kabisa, uuchanganye katika uji mzito au viazi vilivyopondwa, pamoja na karanga zilizosagwa laini. Anza na kijiko kimoja. Ongeza siku hadi siku.

NENO LA BIBI MMOJA

Siku moja nilikuwa nikieleza mambo haya kliniki. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alinyosha mkono.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "sisi tulikunywa shubiri tangu utoto, na mpaka leo tuko hai. Wewe umesoma juzi tu. Unatukataza dawa ya wazee?"

Watu walicheka. Mimi nilimwamkia kwanza. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, naomba kuuliza. Mlipokuwa watoto, mlikula mboga gani?"

Bibi alianza kuzihesabu kwa vidole. Mchunga. Mnavu. Mchicha wa porini. Kisamvu. Majani ya kunde. Majani ya maboga. Mlenda. Vidole vilikwisha, bado anataja.

"Mlikula kila siku?"

"Kila siku. Nyama tungeipata wapi?"

"Na shubiri mlikunywa kila siku?"

Bibi alifikiri. "La. Mara moja moja, ukiumwa."

Basi, ndugu msomaji, pima mwenyewe. Kipi kilichomtunza bibi yule? Ni kile alichokunywa mara moja moja au ni kile alichokula kila siku? Wazee wetu walikuwa na hekima. Lakini sisi tumerithi kikombe cha shubiri, tukaacha chungu cha mboga. Tumechukua nusu ya urithi, tena ile nusu iliyo ndogo.

Wala tusisahau kwamba wale waliodhurika kwa shubiri utotoni hawapo leo kutusimulia.

UCHUNGU SI DAWA

Tatizo letu ni imani kwamba kila kilicho kichungu ni dawa. Mtu akikunja uso anaposema "chungu kama shubiri," anaamini amepona nusu. Lakini mwili haupimi uchungu. Mchunga ni mchungu, na ni mboga nzuri. Mchicha hauna uchungu, na unalisha damu. Kuna matunda ya porini matamu ambayo yanaua. Ulimi haujui dawa. Dawa inajulikana kwa kupimwa.

TUFANYE NINI?

Sikwambii ung'oe mshubiri wako. Uache mlangoni. Siku mtoto akiungua kidogo, utakusaidia. Ninachokuomba ni mambo manne tu:

Kwanza, mshubiri uwe wa kupaka, siyo wa kunywa.

Pili, usimpake mama shubiri kwenye ziwa ili kumwachisha mtoto.

Tatu, mgonjwa wa homa au wa kuharisha aletwe zahanati siku hiyo hiyo, kabla ya kujaribu kikombe chochote.

Nne, kabla wiki hii haijaisha, kila nyumba ipande tuta moja la mchicha, au gunia moja. Fedha unayompa mchuuzi wa chupa gulioni, nunua mbegu.

Vikundi vya kisomo mnaweza kujadili maswali haya pamoja. Katika kitongoji chenu, nyumba ngapi zina mshubiri? Nyumba ngapi zina bustani ya mboga? Mchicha unaoliwa na watoto wenu unatoka wapi? Nani atawasaidia kina mama kupata maji?

Na wewe uliyejua kusoma, wasomee makala hii wasiojua. Msomee bibi. Msomee baba chini ya mwembe. Kisha chukueni jembe.

Kinga ni bora kuliko tiba. Nami ningependa kukuona zahanati ukija kupima uzito wa mtoto mwenye afya, kuliko kukuona usiku umembeba mgonjwa.